Miti ya Mbulumbulu Ilikuwa ya Nani

Lori la chuo lilitushusha mmoja mmoja kando ya barabara ya Mbulumbulu, kila mwanafunzi na godoro lake, jembe lake na ndoo. Ulikuwa mwaka uliofuata zile mvua za Elinino, na barabara ilikuwa bado na majeraha. Mahali pengine dereva alisimama, akashuka, akatazama kwanza, ndipo akapita. Mimi nilibaki wa mwisho. Mkufunzi wetu, mwanamume mwembamba asiyependa kurudia maneno, alininyooshea kidole nyumba ya bati iliyokuwa juu ya mteremko, si mbali na msitu wa hifadhi.

"Mwenyeji wako ni mjane," alisema. "Aliomba mwenyewe apewe mwanafunzi. Nitakuja kukagua. Nisipokuta mistari ya miti kwenye shamba lile, hakuna alama, na bila alama hakuna cheti. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Lori likageuza, nikabaki na vitu vyangu kwenye tope.

Nilikuwa mwaka wa pili wa cheti cha kilimo na misitu. Wasichana tulikuwa wachache darasani, na kila mmoja wetu alijua kwamba akishindwa watasema wasichana wameshindwa. Lakini kilimo mseto hakikunitisha. Nimezaliwa Kilimanjaro, kwenye kihamba, shamba la urithi la nyumbani, ambamo kahawa, migomba, mbuzi na miti mirefu vinaishi pamoja kama watu wa nyumba moja. Walimu walipochora ubaoni shamba lenye miti na mazao na mifugo, niliona wanachora kwetu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali mtu anaweza kuutazama mche wa mti ulio kimo cha kiganja na kuuogopa.

Mwenyeji wangu alikuwa mwanamke mrefu, sauti yake ya chini, mwenye tabia ya kukutazama mpaka umalize kusema halafu akae kimya kidogo kabla ya kujibu. Alikuwa na mabinti watatu. Walimwita ayo, mama kwa Kiiraqw, na baada ya siku chache nami nikawa namwita hivyo. Mumewe alikuwa amefariki kabla ya mvua zile kubwa. Mvua zenyewe zilimwachia korongo. Lilianzia bondeni, likapanda katikati ya shamba kama mdomo unaofunguka, na kila mvua iliponyesha lilisogea kuelekea nyumbani. Ayo alinipeleka kuliona asubuhi ya kwanza. Tulisimama ukingoni, bonge la udongo likameguka mbele ya miguu yetu, likaenda chini.

"Unaona," alisema. "Sasa fanya ulichosomea."

Nilitengeneza fremu, fito tatu zilizofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia katikati ili kuonyesha usawa. Tukaanza kupima kontua, yaani mistari inayofuata usawa wa ardhi, mimi na ayo na binti yake mkubwa, tukichomeka vijiti kwa kuukata mteremko. Tulikuwa kwenye mstari wa pili nilipomwona mwanamume akija kutoka upande wa juu, amevaa koti zito na kofia, anatembea taratibu bila kukanyaga maharage. Binti aliacha kijiti alichokuwa amekishika, akaamkia. Mimi pia nikaamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unapima nini, binti yangu?"

"Kontua, baba. Tunataka maji yasishuke kwa kasi."

"Vizuri. Korongo hili limetusumbua wote. Na kwenye vijiti hivyo mtapanda nini?"

"Mabingobingo kwa ajili ya ng'ombe, na miti, kaliandra na migrivelia."

Alivua kofia, akaifuta kwa kiwiko, akaivaa tena. "Mabingobingo hayana neno," alisema. "Ni majani. Ng'ombe anakula, yanaisha. Miti, hapana."

"Kwa nini, baba?"

"Muulize mwenyeji wako." Akamgeukia ayo. "Shemeji, mgeni huyu hajui. Wewe unajua."

Yule mzee akaondoka kwa njia ile ile, taratibu, bila kukanyaga mmea hata mmoja. Binti aliniambia kwa sauti ndogo kwamba yule ni baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yao. Nilimtazama ayo nikingoja maelezo. Yeye aliinama, akaokota kijiti.

"Tuendelee," akasema.

Jibu nililipata kwa bwana shamba wa pale, ambaye nilimkuta kwenye kibaraza cha duka akinywa soda. Alikuwa mtu mchangamfu, lakini nilipotaja shamba la ayo alishusha sauti na kutazama nani yuko karibu.

"Huku," alisema, "mtu akiazimwa shamba anapanda mahindi, anapanda ngano, anavuna anaondoka. Hapandi mti. Ukipanda mti umesema shamba ni lako. Sasa yule kaka mtu anasema baba yao alimpa marehemu shamba alime tu. Mama anasema alipewa liwe lake. Marehemu ameacha mabinti, na wanasema mabinti wataolewa. Kaka mtu ana vijana wanne wakubwa na shamba halimtoshi. Juu ni hifadhi, huwezi kusogea. Umeona ulipowekwa?"

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mtu wa mbegu na mbolea, dada. Hayo ni mambo ya familia."

Nilirudi nikipanda ule mteremko huku nimekasirika. Nilimkuta ayo anapukuchua mahindi uani, nikasimama mbele yake bila kukaa.

"Ayo, ulijua. Ulijua kwamba miti hii ni kesi."

"Nilijua."

"Ndiyo maana uliomba mwanafunzi."

Alimaliza gunzi alilokuwa nalo mkononi, akaliweka chini. "Nikipanda mimi, watang'oa kesho, na hakuna atakayeuliza. Wakipanda watu wa chuo, mbele ya serikali ya kijiji, kidogo wataogopa. Ndiyo, niliomba mwanafunzi kwa sababu hiyo. Na kwa sababu ya korongo. Yote mawili ni kweli."

"Umenitumia."

"Kama unaogopa, niambie leo," alisema, bila hasira. "Nitatafuta njia nyingine. Lakini korongo halinisubiri, na shemeji yangu hanisubiri."

Niliingia ndani nikakaa kwenye godoro. Ningeweza kumwomba mkufunzi anihamishe. Wenzangu walikuwa kwenye mashamba ya watu wasio na neno, wanapanda miche yao kwenye mipaka na kuchora michoro safi. Wazo hilo lilinivutia sana mchana ule. Halafu nikasikia wale mabinti watatu uani wakijaza udongo kwenye viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, wakibishana nani amejaza vizuri. Nilitoka kuwaonyesha namna ya kukung'uta kiriba ili udongo ushuke bila kuacha nafasi ya hewa. Hivyo ndivyo nilivyoamua, kama ule ulikuwa uamuzi.

Kuanzia pale watu walibadilika. Jirani aliyekuwa akimwazima ayo maksai alisema maksai wake wanaumwa miguu, na siku hiyo hiyo tukawaona wakilima kwingine. Dukani salamu zilikuwa fupi. Mchana mmoja tulitoka kuchota maji, tukarudi tukakuta ng'ombe wameingia kwenye kitalu, uzio umesukumwa, miche mingi imekanyagwa. Hakuna aliyeona ng'ombe wale walikuwa wa nani. Binti mdogo wa ayo alilia. Mama yake alimwambia aokote viriba vilivyobaki vizima, tukavihamishia nyuma ya jiko, mahali ambapo mtu angelazimika kupita mlangoni kwetu ili avifikie.

Mvua zilipokolea tulipanda. Tulifanya kazi kwa haraka na bila kuimba. Mabingobingo kwanza, halafu kaliandra katikati, na migrivelia iliyoachana kwenye mstari wa juu, ule wa karibu na njia. Ayo mwenyewe ndiye aliyeishika kila mgrivelia. Mimi nilichimba shimo, yeye akachana kiriba, akashusha mche, akashindilia udongo kwa viganja. Hakumruhusu mtu mwingine. Nilidhani anaogopa tutavunja mizizi.

Walikuja asubuhi yenye ukungu, ukungu ule unaoshuka kutoka ukingo wa kreta, kule juu ndani ya hifadhi, na kukaa mashambani mpaka jua lipate nguvu. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, mlio wa mnyororo wa plau na sauti ya mtu akiwahimiza ng'ombe. Ayo alikuwa anakamua. Aliweka chombo chini, akatembea, hakukimbia. Mimi nilikimbia.

Baba mkubwa alikuwa amesimama mwanzo wa mstari wa juu. Kijana wake mkubwa, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa ameshika plau, na mdogo wake alikuwa mbele akiwaongoza maksai. Plau ilikuwa imeelekezwa sawasawa kwenye miche.

"Shamba la baba yangu," alisema yule mzee aliponiona. "Nimekuja kulilima."

Ayo alinipita, akatembea mpaka kwenye mche wa tatu au wa nne, akakaa chini. Alikaa kama mtu anayekaa kupumzika, miguu ameinyoosha, nguo yake kwenye tope. Mikono ameiweka mapajani.

"Ondoka, shemeji."

Ayo akatanua miguu kidogo, mche mmoja ukabaki katikati yake.

"Nimesema ondoka. Usinitie aibu mbele ya mgeni."

"Pita," alisema ayo. "Si ni shamba lako? Pita."

Maksai walikuwa wakubwa, pumzi yao ilitoka nyeupe kwenye baridi. Nilijikuta nimesogea na kusimama kando ya ayo. Mzee aliwapigia ng'ombe kelele. Wakavuta. Plau ikakita udongo, mche wa kwanza ukalala, wa pili ukafunikwa. Niliweza kuona matone ya umande kwenye pua ya maksai wa kushoto.

Ndipo kijana mwenye ndevu alipoinua plau. Aliiinua kabisa, chuma kikawa hewani, ng'ombe wakasimama wenyewe.

"Endelea!" baba yake alisema.

"Siwezi, baba."

"Nimesema endelea."

"Siwezi kupitisha ng'ombe juu ya mama mdogo. Nipige, lakini siwezi."

Yule mdogo wake, kule mbele, alikuwa ameinamisha uso. Mzee alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, na nilidhani kweli atampiga. Badala yake alitembea mwenyewe mpaka mwisho wa pili wa mstari, akaanza kung'oa migrivelia kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, hadi alipofika alipokaa ayo. Ule uliokuwa kati ya miguu yake aliuacha. Akaja kwangu, akaweka ile miche chini mbele ya viatu vyangu, mizizi iko wazi.

"Alama zako hizi," aliniambia. "Wapelekee walimu wako."

Walipoondoka tulifunika mizizi kwa gunia lililoloweshwa, na jioni, jua lilipopoa, tukairudishia ardhini. Ayo alipanda kama mwanzo, kwa mikono yake.

Kesho yake alikwenda kushtaki kwenye baraza la kata. Shemeji yake naye alikuwa ameshafika. Kabla ya siku ya kusikilizwa, mkufunzi akaja kukagua. Alipita kwenye mistari yangu akipima kwa macho, akakuta kontua ziko sawa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaniita pembeni, karibu na lori.

"Nimesikia habari. Utaitwa barazani?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Watakuuliza miti ni ya nani. Utasema ni ya chuo, ya mafunzo. Basi. Hujui habari za shamba, hujui habari za familia."

"Lakini mwalimu, ikiwa ya chuo, ayo atakuwa hana kitu."

"Sikiliza." Alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka. "Chuo hiki kinaleta wanafunzi vijijini kila mwaka. Siku wanakijiji wakiamini kwamba mwanafunzi akiingia shambani anaondoka amegawa ardhi, hatutapokelewa tena. Hapa, Oldeani, popote. Nawafikiria watakaokuja baada yako. Sema ya chuo."

Alichosema kilikuwa na maana, na ndiyo maana kilinitesa. Sikumweleza ayo. Yeye naye hakuniuliza nitasema nini, ingawa tulikula mezani pamoja na kutazamana.

Baraza lilikaa mbele ya ofisi ya kata, wajumbe kwenye benchi na watu wengine wamesimama. Mkufunzi alikuja, akasimama nyuma. Baba mkubwa alijieleza vizuri, bila matusi. Alisema alipokuwa kijana alilima na baba yake shamba lile. Alisema ana vijana na hana pa kuwaweka. Ayo alijieleza kwa ufupi zaidi. Alisema mume wake alijenga pale, amezikwa pale, na mabinti wake wamezaliwa pale. Halafu wakaniita.

Mwenyekiti wa baraza, mzee mwenye miwani, alinikaribisha kwa upole. Lakini baba mkubwa aliomba aniulize yeye mwenyewe, akaruhusiwa.

"Mwalimu," alisema, na lile neno alilisema kwa heshima, hakuwa ananidhihaki. "Ile migrivelia ni ya nani?"

Kama ningesema ya chuo, yeye angefurahi. Niliona usoni mwake kwamba alikuwa analingojea jibu hilo. Mti wa chuo hautoi ushahidi wowote. Mwanafunzi ataondoka, mti utakatwa, na shamba litabaki kama lilivyokuwa. Nilimwona mkufunzi nyuma ya watu, mikono ameikunja. Nikamwona ayo. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama chini, kwenye viganja vyake. Ndipo nikaelewa kwa nini hakuturuhusu kuigusa ile miche.

"Mbegu zilitoka chuoni," nilisema. "Mashimo nilichimba mimi. Lakini kila mgrivelia ameupanda yeye kwa mikono yake. Mimi sikupanda hata mmoja. Hapa Mbulumbulu, kama mnavyosema wenyewe, mti ni wa aliyeupanda."

Pakawa na mguno. Baba mkubwa alinitazama kidogo, akakaa.

Wajumbe walijitenga, wakarudi. Waliamua kwamba mistari ya miti na sehemu yote ya chini mpaka kwenye korongo, pamoja na nyumba na kaburi, ni ya ayo na wanawe. Kipande cha juu ya mstari, kile cha kando ya njia, walimpa shemeji yake kwa ajili ya vijana. Kilikuwa kipande chenye udongo mzuri, na ayo alikuwa akikilima ngano. Alikubali. Alitembea kurudi nyumbani, mabinti wake nyuma yake, na hakuna aliyeshangilia. Alipofika uani ndipo alipokaa kwenye kigoda akajifunika uso kwa khanga, na binti mkubwa akaenda kukoka moto kana kwamba hajaona.

Mkufunzi alikuwa ameniita pembeni pale ofisini, kabla sijawafuata.

"Kontua zako ni nzuri kuliko za wenzako wote," alisema. "Lakini hutamalizia mazoezi hapa. Siwezi kukuacha kwenye kijiji ambacho umekuwa shahidi. Utarudia mahali pengine."

"Ndiyo, mwalimu."

"Huna la kusema?"

"Sina, mwalimu."

Alitikisa kichwa, akaenda zake. Nilirudia mazoezi Nainokanoka, ndani ya hifadhi, kwenye shule ambayo baridi yake ilipasua midomo, nikiotesha miti ya uzio na kuizuia isiliwe na mbuzi wa wafugaji. Wenzangu walivaa majoho mimi nikiwa bado kule. Cheti nilikipata baada yao, na hakuna mahali kwenye cheti kile palipoandikwa kwa nini nilichelewa.

Lakini siku ya kuondoka Mbulumbulu ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Ayo alinisindikiza na kunikumbatia, akanipa maharage kwenye mfuko, akarudi upesi kwa sababu hakupenda kuaga. Nilikuwa nimekaa juu ya godoro langu kando ya barabara, nangoja lori, nilipomwona baba mkubwa anakuja. Nilisimama. Sikujua kama niogope.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa tu." Yeye mwenyewe hakukaa. Alitazama upande wa Karatu, ambako vumbi la magari ya watalii lilikuwa linaonekana kwa mbali. "Wewe kwenu Kilimanjaro. Mashamba yenu ni makubwa?"

"Hapana, baba. Ni madogo sana. Kaka zangu wameondoka wote."

"Wameenda wapi?"

"Wengine Arusha. Mmoja hapo Karatu, anapika kwenye kambi za watalii."

"Na wangu watakwenda huko," alisema. "Kipande kile walichonipa kitamtosha mmoja. Huyu mkubwa, aliyenikataa mbele yenu, anasema ataondoka. Yuko sahihi kuondoka. Na siku ile pia alikuwa sahihi." Alinigeukia. "Ila wewe umesoma. Nikuulize. Mnasema miti inazuia udongo usiondoke. Watoto je? Mmefundishwa nini cha kuzuia watoto?"

Nilitafuta katika yote niliyofundishwa, kontua, kitalu, rutuba, malisho, na hapakuwa na kitu.

"Hatujafundishwa, baba."

"Basi," alisema, si kwa ukali. Akanyanyua godoro langu kwa mkono mmoja, kwa sababu lori lilikuwa limeshatokea kwenye kona, akamrushia kijana aliyekuwa juu. Akanipa mkono kupanda. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu. Lori lilipoondoka alikuwa amegeuka tayari, anapanda mteremko kwa mwendo wake wa taratibu, kuelekea kipande chake kipya ambacho kilikuwa hakijalimwa.